Kamera Ikikosea Sura Yako

Leo tunazungumzia mashine zinazotambua sura za watu.

Wengi mnazijua kupitia simu. Unaitazama, inafunguka. Yangu siku moja ilimfungukia mdogo wangu, akamaliza bando lote. Mama alicheka sana, mimi sikucheka.

Mashine haikujui jina kama jirani yako anavyokujua. Inageuza sura yako kuwa namba nyingi, kisha inalinganisha namba hizo na za picha nyingine. Jibu lake si "ndiye huyu". Jibu lake ni "wanafanana kwa kiasi hiki". Kiasi gani kinatosha, hilo huamuliwa na binadamu. Simu inalinganisha sura moja na moja. Polisi huchukua sura moja na kuitafuta kati ya mamilioni, na kwenye umati mkubwa hivyo hakosekani mtu wa kufanana nawe.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za IBM, Microsoft na Face++ zinazosema kama sura ni ya mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, makosa hayakufika hata 1 kwa 100. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea karibu 35 kwa 100. Angalia waliokuwa wengi kwenye picha zilizotumika sana kupimia mashine za aina hii: watu weupe.

Kampuni zilijibuje? IBM na Microsoft zilirekebisha programu zao. Amazon, ilipopimwa baadaye, ilibisha kwamba kipimo ndicho kibaya. Mwezi wa sita 2020, Marekani ilipojaa maandamano baada ya kifo cha George Floyd, IBM ilisema inaacha biashara hiyo. Amazon ilisitisha kuwauzia polisi kwa mwaka mmoja, baadaye ikaongeza muda. Microsoft ilisema haitawauzia mpaka kuwe na sheria. Ni hatua nzuri, sikatai. Lakini kitu ambacho kampuni imejizuia yenyewe, inaweza kujiruhusu yenyewe kesho.

Tena kurekebisha makosa hakumalizi shida. Clearview AI ilikusanya mabilioni ya picha kutoka intaneti bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2022 Italia iliitoza faini ya yuro milioni 20. Hapo swali si kama mashine inaona vizuri. Ni nani aliyeipa sura yako?

Huko Detroit, Januari 2020, baba mmoja mweusi alikamatwa mbele ya mke na watoto wake kwa wizi wa saa dukani. Kompyuta ilikuwa imechagua picha ya leseni yake ya zamani ya udereva. Alilala mahabusu, akakaa humo saa 30 hivi, na hakuwa yeye. Alishitaki, na mwaka 2024 mji ulikubali kumlipa dola 300,000. Tangu hapo polisi wa Detroit hawaruhusiwi kumkamata mtu kwa jibu la kompyuta peke yake.

Sisi je? Ukiandikishwa ukimbizi unapigwa picha, unatoa alama za vidole, mara nyingi na mboni za macho. Yule baba alikuwa na wakili. Mama aliye kwenye foleni ya mgao, mashine ikimkataa, anahitaji meza ya kulalamikia siku hiyohiyo, maana watoto hawangoji barua.

Sera ya UNHCR ya mwaka 2015 inasema una haki ya kuelezwa taarifa zako zinachukuliwa kwa kazi gani na watapewa akina nani, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Basi uliza kabla hujatazama kamera, kwa lugha unayoielewa. Kama hujaelewa, omba mkalimani. Na mashine ikikukataa, usirudi nyumbani kimya: omba afisa aangalie karatasi zako kwa macho yake, andika tarehe na saa, na utunze nakala.

Maswali yenu yawekeni kwenye sanduku letu mlangoni. Tutayasoma katika kipindi kijacho.