Mtoto amekufa au hajazaliwa?

Swali hilo aliniuliza mama jikoni, ungo wa mchele mapajani, nami nikashindwa kumjibu. Nilikuwa namsimulia Arrival, filamu niliyoitazama usiku wa kuamkia siku hiyo kwa mara ya tatu. Nilianza kwa kujiamini. Palikuwa na mwanamke, mwalimu wa isimu chuo kikuu, alikuwa na binti mmoja tu. Binti akaugua maradhi yasiyo na tiba, akafariki kabla hajawa mtu mzima. Kisha wakaja wageni kutoka anga za mbali. Nilipofika katikati ikabidi nijisahihishe: hapana, wageni walipokuja yule binti alikuwa bado. Atazaliwa. Mama akaacha kupeta.

"Sasa mwanangu, huyo mtoto amekufa au hajazaliwa?"

Yote mawili, nikasema. Akarudi kwenye mchele wake.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 2016. Aliyeiongoza ni Denis Villeneuve wa Canada, na mzizi wake ni hadithi ya Ted Chiang, mwandishi wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1998. Nitaeleza yote yaliyomo, kwa sababu utamu wake hauharibiki ukijua mwisho; kujua mwisho ndiyo mada yenyewe. Vyombo 12 vyeusi, virefu kuliko ghorofa lolote la jirani, vinatokea sehemu mbalimbali za dunia na kuelea kimya juu ya ardhi. Jeshi la Marekani linamfuata yule mwalimu wa isimu, Dk. Louise Banks, anayeigizwa na Amy Adams, aende Montana kuzungumza na waliomo. Kanali anayemfuata ni Forest Whitaker, ambaye wengi wetu tulimjua alipokuwa Idi Amin katika The Last King of Scotland. Kila baada ya saa 18 mlango wa chombo hufunguka. Ndani, nyuma ya kioo na ukungu, wako viumbe wenye miguu saba wanaoandika kwa wino unaoelea. Hawaandiki mstari. Wanachora duara, na duara moja ni sentensi nzima, haina pa kuanzia wala pa kuishia. Anayeichora lazima awe ameshajua neno la mwisho wakati anatia la kwanza.

Louise anajifunza duara hizo mpaka anaziota. Kadiri lugha inavyomwingia, ndivyo anavyoanza kuyaona maisha yake kama sentensi ya wale wageni, yote kwa pamoja. Hapo ndipo mtazamaji anapogundua kwamba zile picha za binti, ambazo tangu dakika za mwanzo alizipokea kama kumbukumbu za mama aliyefiwa, hazijatokea bado.

Tumedanganywa, lakini filamu haijasema uongo hata mara moja. Picha haina njeo. Mtoto anakimbia nyasini, basi. Hakuna kitu kwenye kioo kinachosema alikimbia au atakimbia. Sisi wenyewe ndio tuliojaza -li-. Kiswahili hakimpi msimulizi nafasi hiyo ya kujificha. Mfikirie yule anayefasiri filamu kwenye kibanda umiza, kipaza sauti mkononi, watu wamebanana kwenye mabenchi. Akisema "alikuwa na mtoto", amepotosha. Akisema "atakuwa na mtoto", ameimaliza filamu kabla haijaanza. Nimelifikiria hilo siku nyingi, na njia niliyoiona ni ile hu- ya methali na mazoea, isiyojali jana wala kesho. Louise hupenda, huzaa, hulea, huzika. Ukiisimulia hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, unaikaribia lugha ya wenye miguu saba.

Lipo neno jingine ambalo Kiswahili kingewasaidia waliokusanyika pale. Wageni wanapoulizwa wamekuja kufanya nini, jibu lao linafasiriwa kuwa wanatoa silaha, na dunia inapandwa na wazimu. Majeshi yanajiandaa, mataifa yanakata mawasiliano yaliyokuwa yakiwaunganisha watafiti wao. Louise anang'ang'ana kwamba labda maana ni kifaa tu. Sisi tunalo neno zana. Jembe ni zana ya kilimo, kifaru ni zana ya vita, na anayelisikia lazima aulize: zana ya nini? Swali hilo tu lingetosha kuwapoza majenerali. Vyombo viwili kati ya 12 vimetokea Sudan na Sierra Leone, lakini filamu haituingizi kwenye mahema ya huko hata kidogo. Nami ningetamani mno kujua wenzetu waliwauliza nini wageni, na kwa lugha ipi.

Wanaisimu hawakubali kwamba kujifunza lugha kunaweza kukuonyesha kesho. Wazo hilo linatokana na Benjamin Lee Whorf, mkaguzi wa bima ya moto aliyeandika kwamba Wahopi wa Arizona hawauoni wakati kama Wazungu wanavyouona. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kinene kuonyesha kwamba Wahopi wana maneno ya wakati tele. Kwetu mjadala wa jinsi hiyo aliuwasha John Mbiti, mzaliwa wa Kitui. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akajenga juu yake hoja kwamba Mwafrika wa jadi karibu hana wakati ujao wa mbali. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, na mimi niko upande wa Gyekye. Lugha yenye kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo haikukosa habari za siku zijazo. Lakini yapo ya Mbiti nisiyoyatupa. Alisema marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo aliyemjua na anayemtaja kwa jina.

Kinachonisumbua katika filamu ni fundo la Jenerali Shang wa China. Louise anaiona karamu ambayo haijafanyika. Humo Shang anamwonyesha namba yake ya simu na kumnong'oneza maneno ya mwisho ya marehemu mkewe, kwa kuwa Louise aliwahi kumpigia na kumwambia maneno hayohayo. Louise anarudi na namba hiyo, anapiga, vita vinazuiwa. Namba ilitoka kwa nani kwanza? Wapenzi wenzangu hujibu kwamba duara haina kwanza. Sawa. Ila saa nzima tumeonyeshwa subira ya kujifunza neno kwa neno, halafu dunia inaokolewa kwa simu moja. Katika hadithi ya Chiang hakuna Shang. Wageni huondoka bila kueleza kwa nini walikuja, na mimi naupenda zaidi ukimya huo.

Jambo moja filamu imelibadilisha kwa faida. Kwa Chiang binti hufa akiwa na miaka 25, katika ajali ya kupanda miamba. Msomaji anakaa akijiuliza kwa nini mama hakumzuia asiende. Villeneuve na mwandishi wake Eric Heisserer wameweka maradhi badala ya ajali. Hakuna wa kuzuia chochote. Linabaki swali moja: ukijua, utakubali azaliwe? Louise anakubali. Mumewe, atakapoambiwa, ataondoka. Mtoto anaitwa Hannah, jina linalosomeka vilevile kutoka kulia na kutoka kushoto. Katika Biblia yetu jina hilo limeandikwa Hana, na Hana wa Biblia ndiye yule aliyelilia mtoto, akampata, akamtoa. Ilinipiga kifuani nilipoliona.

Filamu ilipendekezwa kwa Oscar nane, ikapata moja, ya uhariri wa sauti. Jina la Amy Adams halikuwemo hata kwenye mapendekezo, na naamini hakutendewa haki.

Nina dada ambaye sikumkuta. Alifariki na miaka saba, kwa selimundu, mimi nikiwa sijazaliwa. Mama humtaja kila wiki, na hamtaji kwa -li-. "Dada yako hapendi maziwa," husema, akimimina chai. Jioni ya siku ile ya mchele nilijikaza nikamuuliza kama angejua mapema, angefanyaje.

"Ningemzaa," akasema. "Ile miaka saba ningeipata wapi?"

Jumapili iliyofuata tuliitazama pamoja sebuleni, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Nilianza na hu- tangu picha ya kwanza. Mama alikaa dakika zote 116.