Joto la Udongo Lisipuuzwe

Kila mvua za vuli zinapokaribia, mkulima wa Ukambani huuliza maswali mawili: mvua itanyesha lini, na itakuwa kiasi gani? Ana haki ya kuuliza. Baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilitunyima mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakaangamia katika maeneo kame ya nchi hii.

Hata hivyo, naamini lipo swali la tatu ambalo twalisahau: je, udongo wenyewe una joto kiasi gani?

Kipimo cha joto tunachotangaziwa redioni ni cha hewa, nacho huchukuliwa kivulini, juu ya ardhi. Mbegu haiishi huko. Jua la adhuhuri likipiga mchanga mkavu ulio wazi, uso wake waweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi ilhali hewa haijafika 40. Udongo wenye maji hutumia sehemu kubwa ya joto hilo kuyageuza maji kuwa mvuke. Udongo mkavu hauna maji ya kutumia, basi huwaka. Hivyo ndivyo ukame na joto vinavyosaidiana, na kadiri dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo hali hii inavyozidi kuwa mbaya.

Madhara yake si haba. Mahindi huota vyema udongo ukiwa na nyuzi 25 hadi 35. Ukipita 40, mengi hayaoti. Mche uliofaulu kuchomoza huweza kuungua shina pale linapogusana na ardhi. Hata kunde, ambazo tunazisifu kwa kuvumilia jua, huumia chini kwa chini, kwani bakteria wa mizizini wanaozipatia naitrojeni hudhoofika katika joto kali. Mkulima aliyepanda kabla ya mvua aonapo shamba lina mapengo, humlaumu aliyemuuzia mbegu.

Dawa ninayoipendekeza ni kuufunika udongo. Najua nitaambiwa kwamba mabua ni chakula cha ng'ombe na kuni za jikoni. Ni kweli, na sisemi ng'ombe alale njaa. Nasema sehemu ya mabua ibaki shambani, desturi ya kuchoma masalio ikomeshwe, kunde zitambae kati ya mistari ya mtama, na mti wenye kivuli chepesi usikatwe kwa kuwa tu umesimama shambani.

Nao maafisa wa kilimo wa nyanjani wapewe vipimajoto vya udongo. Chombo hicho si cha gharama kubwa, na kingemwezesha afisa kumwambia mkulima ni wiki gani udongo umepoa vya kutosha kupokea mbegu. Mvua hatuwezi kuiamuru inyeshe. Kuuvika udongo nguo twaweza, nasi hatuna udhuru wa kuuacha uchi.