Imani na Akili Wakati wa Ebola

Wandugu, mutu mwenye kuamini anahitaji bado akili yake? Sisi wa Butembo na Beni tulijibu swali hilo kwa uchungu.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wamepatwa, na 2.287 wamekufa. Wengine walisema: «Sala yatosha.» Wengine waliita ugonjwa uongo wa siasa, zaidi uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa kwetu. Mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto, na munganga Richard Mouzoko akauawa.

Kukataa dawa si imani kubwa. Mwana Sira (38) anamuambia mugonjwa aombe, kisha amupe munganga nafasi yake, maana Mungu ndiye aliyemuumba. Na Bwana wetu, juu ya hekalu, alikataa kumujaribu Mungu. Mutaguso wa kwanza wa Vatikano (1870) ulifundisha kwamba imani na akili haviwezi kupingana kweli: vyote vyatoka kwa Mungu mumoja.

Neno gumu lilikuwa maziko. Kuzika wafu ni tendo la huruma; lakini maiti ya Ebola yaambukiza sana. Mama aliyetaka kumuosha mutoto wake hakuwa mujinga: alipenda. Akili ilimuambia asiguse. Imani ilimuambia kwamba sala ya mbali inafika. Akili peke yake ingemuacha bila faraja. Imani bila akili ingemuzika naye.

Basi, katekista, ufundishe vyote viwili.