Kaskazi Hubeba Nini?

Asubuhi moja ya Januari nilikoka moto nyuma ya nyumba yangu hapa Jadida, Wete, nipate kumaliza takataka kabla ya kwenda kazini. Yalikuwamo majani ya mwembe, makumbi ya nazi na, nakiri, chupa mbili tatu za plastiki. Jua lilikuwa halijachomoza, wala hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kuti. Moshi ulipanda kadiri ya urefu wa mnazi, ukasimama, kisha ukajitandaza kama shuka na kuteremka taratibu mpaka kwa jirani yetu, bibi mmoja mwenye pumu.

Nilipopita kwake nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akakohoa kwanza, ndipo akajibu, "Marahaba, mwanangu. Moshi wako umekwisha kuniamkia kabla yako."

Niliona haya. Nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza mbona moshi haukwenda juu. Akasema, "Alfajiri hewa imelala. Ungengoja saa tatu, upepo uamke." Basi mimi niliyekaa chuo cha ualimu na kufundishwa habari za hewa kwa mshumaa na chupa, nilisomeshwa tena na mtu ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja. Na alisema kweli. Usiku ardhi hupoa, na hewa iliyo karibu nayo hupoa vilevile ikawa nzito. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, kama kifuniko juu ya chungu. Moshi hauwezi kupenya mpaka jua lipashe ardhi na kukiinua kifuniko hicho.

Kwetu kifuniko hicho huondoka kabla ya adhuhuri. Lakini ziko nchi ambazo wakati wa baridi hukaa siku nyingi mfululizo. Huenda umesikia habari za mji wa London, Desemba 1952. Hewa nzito ya baridi ilituama juu ya mji tangu tarehe 5 hata tarehe 9, na watu walikuwa wakichoma makaa ya mawe majumbani ili wapate joto. Moshi ukakosa njia. Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Waliochunguza baadaye walikisia kuwa huenda walifika 12,000. Moshi ulikuwapo London miaka yote. Kilichozidi siku zile ni kifuniko. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kupunguza moshi wa mijini.

Sasa tuje kwenye Kaskazi yetu, maana hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Kuanzia Desemba hata Machi, sisi wa Pemba tunapotokwa jasho, bara la Asia liko katika majira ya baridi. Nchi kavu huko hupoa upesi, na hewa yake huwa nzito. Bahari yetu huku ni ya vuguvugu, na hewa yake ni nyepesi. Hewa nzito huenda mahali penye hewa nyepesi, kama maji yaendavyo bondeni. Mwendo huo ndio Kaskazi. Ndio uliosukuma majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, yakitia nanga na tende, chumvi na mazulia, yakangoja Kusi iyarudishe makwao. Bibi yule aliyaona kwa macho yake alipokuwa mtoto.

Lakini upepo hauchagui mzigo. Katika mabonde makubwa ya India Kaskazini, majira hayo ya baridi hayana mvua ya kuosha hewa, na kile kifuniko hushuka karibu na ardhi. Moshi wa viwanda, wa magari, wa mabua yachomwayo mashambani na wa mamilioni ya majiko hukusanyika. Kisha upepo wa majira huuchukua polepole mpaka baharini.

Haya si maneno ya kubahatisha. Kati ya Januari na Machi 1999 wataalamu wa mataifa mengi, wakiongozwa na Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen, waliipima hewa ya Bahari ya Hindi kwa ndege, kwa meli na kutoka visiwa vya Maldivi. Walikuta utusitusi wa rangi ya kahawia umetanda juu ya sehemu kubwa ya bahari upande wa kaskazini, ukifika kama kilomita tatu kwenda juu. Ndani yake mlikuwa na masizi, majivu, vumbi na chembe za salfa, na sehemu kubwa ilitokana na kazi za wanadamu. Mwangaza wa jua uliofika baharini ulipungua kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Upande wa kusini, ng'ambo ya ule ukanda wa mvua ambapo pepo za pande mbili hukutana, hewa ilikuwa safi.

Ukanda huo hausimami mahali pamoja. Wakati wa Kaskazi huteremka kusini ya Ikweta, hata sisi tukawa upande mmoja na Asia. Kusi inapoanza kuvuma tunapata hewa iliyosafiri juu ya bahari tupu. Sisemi kwamba kila ukungu uuonao Januari juu ya mlango wa Pemba umetoka India. Njia ni ndefu, na hewa huchanganyika na kupungukiwa na uchafu kadiri iendavyo. Mwingine ni mvuke wa bahari tu. Nasema kwamba wao na sisi tu chini ya upepo mmoja.

Liko jambo lililonigusa kuliko yote. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza walivyoyapima masizi hayo ili kujua asili yake. Waliona kwamba kati ya nusu na theluthi mbili hayakutoka katika petroli wala makaa ya mawe, bali katika kuni, samadi na mabaki ya mazao. Yaani wingu lile lililoonekana hata na ndege lilianzia, kwa sehemu kubwa, penye mafiga matatu na mama anayepuliza moto!

Nikamkumbuka mke wangu. Mtoto wetu wa pili alikuwa na kikohozi tangu Krismasi, nami nilikuwa nikilaumu vumbi na jua. Siku hiyo niliingia jikoni kwetu wakati wa kupika, jambo ambalo sisi wanaume hatulifanyi sana, nikakaa kwa muda wa kuchemka chungu kimoja cha muhogo. Nilitoka machozi yakinitiririka. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake muda wote huo. Chembe za moshi zilizo hatari zaidi ni ndogo mno, thelathini zikipangwa safu ndipo zipate upana wa unywele mmoja, nazo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wasiotimiza miaka mitano.

Nanyi mlio nyanda za juu, Njombe au Mbeya, mnalijua hili kuliko sisi. Asubuhi za Juni na Julai moshi wa kijiji hulala bondeni kama maziwa katika bakuli. Moto wa shamba uliowashwa saa hiyo hauendi popote ila majumbani.

Kwetu tumefanya machache. Kuni sasa hukaa juani wiki nzima kabla ya kuingia jikoni, maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Chungu hufunikwa. Mtoto huachwa kwa dada yake, nje, upande unakotoka upepo. Takataka nazifukia, na chupa siziunguzi tena. Nimetoboa pia dirisha juu ya ukuta wa jiko upande wa kusini, na Kaskazi ikivuma moshi hutoka wenyewe. Kikohozi kimepungua, hakijakwisha. Bibi alikuja kulikagua dirisha lile, akalitazama kitambo, kisha akaniuliza kama nimefikiri Kusi itakapogeuka itaingilia wapi. Sikuwa nimefikiri. Itanibidi nitoboe la pili kabla ya Juni.