KUMBUKUMBU ZA MASHAMBA: STAKABADHI YA KARAFUU SI HATI YA ARDHI

Wananchi wanaofuatilia mashamba ya wazee wao, Unguja na Pemba, aghalabu hufika ofisi za ardhi na bahasha ya karatasi zilizohifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake, karatasi zilizo nyingi huwa ni stakabadhi za karafuu. Mwenye bahasha huona kwamba, kwa kuwa marehemu baba yake alipeleka karafuu za shamba hilo kituoni msimu baada ya msimu na kuandikiwa stakabadhi kwa jina lake, basi Serikali imekwisha kumtambua kuwa ndiye mwenye shamba. Dhana hii ina hatari, khasa katika wakati huu ambapo ardhi ya shamba inatafutwa kwa ujenzi, na warithi huombwa waoneshe haki yao kwa maandishi.

Zipo nchi ambazo kodi hutozwa juu ya shamba lenyewe. Katika wilaya za mashamba za Marekani, kwa mfano, huwekwa daftari linaloonesha kila kipande cha ardhi, jina la anayetozwa, thamani iliyokadiriwa na kodi iliyolipwa. Anayetafuta historia ya shamba huanzia hapo, ingawa hata huko kulipa kodi peke yake hakuthibitishi umiliki.

Historia ya visiwa hivi ilikwenda njia nyengine. Tangu enzi za Masultani na katika miaka yote ya himaya ya Kiingereza, nguzo ya mapato ya Serikali ilikuwa ushuru wa karafuu. Uliotozwa ni mzigo, haikutozwa ardhi. Karani wa forodha alihitaji kujua uzito na ubora wa karafuu. Mipaka ya shamba zilikotoka haikumhusu. Hali haikubadilika ilipoundwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, wala lilipoanzishwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, mwaka 1968. Jina lililomo katika stakabadhi ni la mtu aliyefikisha karafuu kituoni. Huyo huweza kuwa mwenye shamba, mtoto wake, msimamizi wa mali ya mayatima, au mtu aliyekodi mavuno tu.

Kundi la mwisho ndilo linalozusha ugomvi zaidi. Baada ya mwaka 1964 mikarafuu mingi ilikuwa mali ya Serikali, na imekuwa desturi kuikodisha kwa wananchi kwa ajili ya uchumaji wa msimu. Aliyekodi hulipa na hupewa stakabadhi ya Serikali yenye muhuri. Muhuri huo unathibitisha kuwa fedha zimepokelewa kwa mavuno ya msimu ule. Mtu anaweza kuwa nazo kumi, za miaka kumi mfululizo, na asiwe na haki hata ya mti mmoja. Kwa hakika, stakabadhi ya kukodi mavuno inaweza kumgeukia aliyeitoa, kwani inaonesha kuwa mzee wake alikiri kuwa miti si yake.

Ikiwa bahasha ina hati ya zamani ya mauziano, jambo la kwanza ni kuisoma yote. Hati nyingi za kabla ya 1964 ziliandikwa kwa Kiarabu na kutiwa tarehe ya Hijria. Mwaka 1345, kwa mfano, ulianza Julai 1926 na kwisha katikati ya 1927. Anayetafuta katika madaftari ya mwaka mmoja tu wa Miladi anaweza kuikosa hati iliyomo katika daftari la pili yake. Shamba halikutajwa kwa namba. Lilitajwa kwa mahali lilipo, mara nyingi kwa idadi ya mikarafuu au minazi, na kwa majirani wa pande nne: kibla, suheli, matlai na magharibi. Vijana wa leo wafahamu kuwa kibla katika visiwa hivi ni upande wa kaskazini. Majina ya majirani hao ni hazina, kwa sababu hati ya jirani nayo italitaja shamba linalotafutwa, na mara nyengine hati iliyopotea hupatikana kupitia hati ya mtu wa pili.

Idadi ya miti nayo isichukuliwe kuwa ni kipimo cha ardhi. Kwa mila za visiwa hivi mti na ardhi ni mali mbili, na mtu huweza kuwa na mti katika ardhi ya mwenziwe. Hati ya kununua mikarafuu hamsini yaweza kuwa ni ya mikarafuu hamsini tu.

Zaidi ya yote, msomaji atazame kama mauziano hayo yalikuwa ya bei khiyari. Wenye mashamba waliokuwa na shida ya fedha walikuwa wakikopa kwa njia hiyo: shamba huandikwa kuwa limeuzwa kwa mkopeshaji, huku muuzaji akibaki na khiyari ya kulikomboa kwa kurejesha fedha ndani ya muda uliowekwa. Siku hiyo hiyo huandikwa hati ya pili, ambayo kwayo muuzaji huyo hulikodi shamba lake na kulipa ijara. Zinapoonekana hati mbili za tarehe moja, moja ya mauziano na moja ya ijara, kwa watu wale wale wawili, basi hapo pana deni, na inapaswa kutafutwa hati ya tatu inayoeleza kama lililipwa. Madeni ya namna hii yaliwaelemea wenye mashamba hata ikatungwa sheria ya mwaka 1934 ya kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji, na nyengine ya mwaka 1938 ya kuamua madeni. Anayesoma nusu ya kwanza ya hati akaacha nusu ya pili anaweza kutangaza kuwa babu yake aliuza shamba, kumbe aliliweka rehani akalikomboa.

Mwezi Machi 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma chini ya Serikali. Hivyo hati ya kabla ya hapo, hata ikiwa safi, haitoshi peke yake. Hutumika kuonesha historia ya shamba, mipaka na nasaba. Waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi walipewa haki ya kuitumia ardhi kwa kilimo, na si mali ya kuuzwa. Warithi wa eka tatu wasikubali kukata viwanja na kupokea fedha kabla ya kupata maelezo ya maandishi kutoka ofisi ya ardhi.

Haki inayotambuliwa leo ni ile iliyowekwa na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992, yaani haki ya matumizi ya ardhi, ambayo hupewa Mzanzibari. Usajili wake umo mikononi mwa Mrajis wa Ardhi, chini ya Sheria Namba 10 ya mwaka 1990. Sehemu nyingi za mashamba bado hazimo katika daftari la Mrajis, kwa sababu usajili hutanguliwa na utambuzi wa ardhi papo hapo shambani, mbele ya majirani. Kutolikuta shamba katika daftari hilo hakuna maana kuwa halina mwenyewe.

Anayeanza kutafuta aanze kwa Sheha na majirani, ili jina la mahali na mipaka vijulikane kabla ya kuulizwa ofisini. Barua ya Sheha ni ushahidi wa anayeishi na kulima pale. Haiumbi haki ya ardhi, na masheha wanaombwa wasiiandike kana kwamba inaiumba. Hatua inayofuata ni kwa Mrajis. Hati na madaftari ya zamani yanatafutwa Nyaraka za Taifa, Kilimani. Inapodaiwa kuwa shamba ni wakfu, au mirathi yake haijagawiwa, suala liulizwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mgogoro hupelekwa Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Makarani wanaopokea wananchi wasizirejeshe stakabadhi za karafuu kwa dharau. Zina tarehe, jina na kituo, na kwa mzee aliyefariki bila ya hati yoyote huweza kuonesha kuwa alikuwa akilihudumia shamba katika miaka fulani. Zipokewe kama ushahidi wa matumizi na ziandikwe hivyo katika faili. Hati za Kiarabu ziletwe asili yake pamoja na tafsiri, na asili irejeshwe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo baada ya kutolewa nakala.