Cherehani haisimulii umbea

Mwaka 2021 kijana wa Kimaasai, Yusuf Kimesera, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Kili Paul, alianza kuvuma kwa video fupi akifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Amejifunga shuka, nyuma yake malisho, na mara nyingi dada yake Neema yuko pembeni. Wimbo wa Raataan Lambiyan kutoka filamu ya Shershaah ndio uliompaisha. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ukamtunuku, na kabla mwezi haujaisha Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na dada yake katika kipindi chake cha redio.

Yote hayo yamesimuliwa sana. Lisilosimuliwa sana ni kwamba kijijini kwao mkoani Pwani hakukuwa na umeme. Simu ilipelekwa kuchajiwa mjini Lugoba. Sisemi kukosa umeme ni baraka, na aseme hivyo yule asiyewahi kukaa gizani. Ila mwenye chaji ya kuhesabu anajua kwa nini ameishika simu. Anarekodi, anarusha, anaizima. Sisi wenye soketi kila ukuta tunaishika tukiwa na kazi moja, na tukija kuiweka chini kazi hiyo bado haijaguswa.

Hapo ndipo biashara ya maudhui ya mtandaoni inapotofautiana na nyingine. Fundi cherehani akikaa kazini, cherehani yake haimsimulii umbea wa mtaa wala haimtangazii kwamba fundi wa mtaa wa pili leo amepata wateja elfu arobaini. Simu ya mtengeneza maudhui inafanya vyote viwili, tena kwa mlio na mtetemo.

Mchukue dada anayefundisha mapishi. Simu ipo kwenye stendi juu ya jiko la gesi, taa ya duara inawaka, samaki wameshakaangwa na tui zito liko motoni. Kabla hajabonyeza kurekodi, anachungulia kidogo tu video ya jana imefika wapi. Imetazamwa mara mia mbili. Anashuka kwenye komenti, anamkuta mtu aliyeandika kwamba kitunguu kiliungua. Hilo haliachiki, anajibu. Wakati anajibu, kundi la WhatsApp la familia linaleta picha za harusi. Akiinua macho, tui limekatika kwa kukosa mkorogo. Nazi nyingine haipo, na mwanga wa dirishani unaondoka.

Profesa Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2004 watu aliowachunguza walikaa kwenye kioo kimoja kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia kingine; katika vipimo vya miaka ya karibuni ni sekunde 47. Aliona pia kwamba mtu akikatizwa kazi huchukua kama dakika 23 kuirudia kazi ileile. Kwa hiyo komenti ya kitunguu haikumgharimu dada yetu dakika mbili alizojibu. Ilimgharimu jioni nzima.

Tatizo la pili ni kutojua unakimbilia wapi. YouTube inamtaka mwenye chaneli awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo agawiwe mapato ya matangazo, au video zake fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Zifanyie hesabu hizo saa 4,000: ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa nawe dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Kwa mwaka mzima hilo linawezekana kwa anayefundisha kitu kimoja vizuri. Wengi hawajui kwamba muda ambao watu wanautumia kutelezesha video fupi hauingizwi katika zile saa 4,000. Unaweza kurusha video fupi tano kila siku, ukachoka, ukamaliza bando, na saa zako zikabaki palepale. Mgao wenyewe pia haulingani: tangazo kwenye video ndefu humpa mwenye chaneli asilimia 55, na kwenye fupi asilimia 45 ya fungu lake. Amua mapema unajenga kipi.

Halafu kuna kiki. Wiki hii umepika samaki wa kupaka, wiki ijayo unachambua ugomvi wa wasanii kwa sababu ndio unaotrendi, na siku ya Simba na Yanga umevaa jezi unabishana laivu. Watazamaji watakuja, sikatai. Lakini aliyekuja kwa Simba na Yanga hasubiri samaki wako Jumanne, na aliyekuwa akisubiri samaki ameshahamia kwa mpishi mwingine. Huu ndio upotevu mkubwa kuliko wote, na bahati mbaya unafanana sana na bidii.

Mchekeshaji Elsa Majimbo wa Kenya alitoka mwaka 2020 akiwa nyumbani wakati wa korona: simu ya mkononi, miwani midogo myeusi, pakiti ya krispi na kicheko chake mwenyewe. Video iliyofuata ilikuwa na vitu vilevile, na iliyofuata nayo hivyohivyo. Mwaka huohuo alipata tuzo ya nyota wa mitandao wa Afrika katika People's Choice Awards za Marekani. Angekuwa na washauri wengi, nadhani wa kwanza angemwambia abadilishe miwani.

Kinachofaa kufanywa hakina maajabu. Saa ya kutengeneza isiwe saa ya kutazama; wakati wa kurekodi weka simu kwenye hali ya ndege, kamera haihitaji mtandao. Takwimu zitazamwe siku moja ya wiki. Komenti zijibiwe zote kwa pamoja, baada ya kula. Na lipo jambo moja la nje ya kamera linalostahili umakini wako kuliko idadi ya laiki: makaratasi. Kenya inakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali tangu Sheria ya Fedha ya 2023, baada ya serikali kupendekeza asilimia 15. Tanzania ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zikiambatana na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Ulizia zinazokuhusu leo, usitegemee ulichosikia kijiweni.

Mapato ya YouTube yakifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo husimamishwa. Malipo hutoka ukifikisha dola 100. Basi kabla hujarusha video nyingine, hakikisha S.L.P. uliyojaza bado inalipiwa na kwamba unamjua mwenye ufunguo wake.