Nyama ya Mnyama Gani?

Mnyama akiwa bado na ngozi, pembe na kwato, hahitajiki mtaalamu wa kumtambua. Lakini nyama ikishasagwa, ikatiwa viungo na kugandishwa, alama hizo zote hupotea, na mnunuzi hubaki kuyaamini maandishi ya pakiti.

Tarehe 15 Januari 2013, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya kupima baga 27 za nyama ya ng'ombe. Kumi zilikutwa na DNA ya farasi, na 23 zilikutwa na DNA ya nguruwe. Kwa Mwislamu au Myahudi ashikaye miiko ya dini yake, habari hiyo ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Ugunduzi wa namna hii huwezekana kwa sababu DNA huvumilia joto la kupikia kuliko protini nyingi, ingawa hukatikakatika. Kwa hiyo wapimaji hutafuta kipande kifupi tu, na mara nyingi hukitafuta katika mitokondria, yaani sehemu za seli zinazoipatia nishati. Humo nakala za DNA huwa mamia au hata maelfu katika seli moja. Hata hivyo, mitokondria hurithiwa kwa mama. Nyama ya nyumbu wa kufugwa (si yule wa mbuga za Serengeti), ambaye baba yake ni punda na mama yake ni farasi, itasomeka kuwa ya farasi.

Kipande kinachotafutwa huzidishwa kwa njia iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, naye akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Mchanganyiko hupashwa joto hadi nyuzijoto 95 hivi za Selsiasi ili nyuzi mbili za DNA ziachane. Ukipozwa, vipande vifupi vilivyotengenezwa kulingana na DNA ya farasi hunata penye mfuatano wa farasi, na kimeng'enya hukamilisha nakala. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja chaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Pasipo na farasi, hakizidi kitu.

Wepesi huo wa kunasa kitu kidogo ndio unaodai uangalifu. Mashine iliyosaga nyama ya nguruwe asubuhi na ya ng'ombe mchana, bila kusafishwa vyema, hutosha kuacha dalili. Ndiyo maana wapimaji wa Ireland hawakuishia kuuliza kama farasi yumo, bali walipima pia kiasi chake. Katika baga tisa kati ya zile kumi kiasi kilikuwa kidogo mno. Katika ya kumi, nyama ya farasi ilikadiriwa kufikia asilimia 29 ikilinganishwa na ya ng'ombe, kiasi kisichoweza kuelezwa kwa mashine chafu.